Uzi: Kustaafu nusu na kuhamia Mwanza – ukae mjini, pembezoni, au ng'ambo ya daraja?

#1 Karani Mstaafu

Wakuu, mwangaluka.

Mada ya kurudi Kanda ya Ziwa ukifika miaka 55 au 60 imeongelewa sana humu, ila kila mara inaishia "nunua kiwanja Luchelele ujenge, upepo safi". Tuichambue kwa vigezo.

Chukulia watu wawili, mke na mume. Mmoja ana presha na sukari. Watoto wameshaondoka. Kazi haijaisha kabisa: kuna ukaguzi wa hesabu za saccos mikoa ya jirani na safari ya Dar mara mbili kwa mwezi. Pensheni inaingia kila mwezi, na kuna mkupuo ambao ukishaliwa haurudi. Gari ni moja, dogo, la chini chini. Wakae wapi, na wapime kwa kitu gani kabla hawajatoa hela?

Bei za viwanja msinitajie. Zinabadilika kila dalali akifungua mdomo.

#2 Ngosha wa Usagara

Mkuu, anza na hospitali, mandhari ya ziwa utayakuta tu.

Bugando ndiyo ya rufaa ya kanda, Sekou Toure ni ya rufaa ya mkoa, na zote ziko katikati ya jiji. Mgonjwa wa figo akifikia hatua ya kusafishwa damu, kawaida ni mara 3 kwa wiki, na kila mara anakaa kwenye mashine kama saa 4. Hizo ni safari 156 kwa mwaka, kwenda na kurudi. Sukari na presha ndivyo vinavyowafikisha wengi huko, kwa hiyo mwenye hivyo viwili asihesabu umbali kwa afya ya leo.

Sasa jiografia. Mwanza ina barabara kubwa tatu zinazotoka mjini. Kenyatta inaenda kusini: Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, kisha Usagara. Nyerere inaenda mashariki: Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma, kisha Kisesa. Makongoro inaenda kaskazini: Kirumba, Pasiansi, Ilemela hadi uwanja wa ndege. Milima na ziwa vimezibana, kwa hiyo lori likiharibika kwenye mojawapo, upande mzima umekwama. Mchepuo wa Usagara–Kisesa unamsaidia anayepita tu Mwanza. Anayekwenda Bugando haumfai.

Kanuni ninayoiamini: dakika 45 hadi mlango wa Bugando, ukipima saa 1:30 asubuhi siku ya Jumatatu. Usipime saa 5 usiku barabara ikiwa tupu halafu ukajisifu. Kwa kipimo hicho Capri Point, Isamilo, Bwiru, Pasiansi, Nyakato na Butimba hazina shida. Buswelu, Kiseke, Nyegezi na Mkolani zinapita. Buhongwa na Igoma zinategemea siku. Kisesa na Usagara zinapita kama mgonjwa hana miadi ya kila wiki.

Halafu kuna safari za Dar. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa hiyo ni ndege tu, na ndege ya alfajiri inamtaka mtu aamke saa 9 usiku akikaa Usagara. Mwenye safari mbili kwa mwezi aangalie upande wa Makongoro kwanza.

#3 Dada wa Kirumba

Naungana na Ngosha, ila mmeruka hatua. Wapange kwanza. Mwaka mzima, siyo miezi mitatu.

Mwanza mvua inakuja mara mbili: vuli Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Anayekuja Julai anaona vumbi na jua, anaridhika, analipia kiwanja. Machi barabara ya mtaa inageuka mfereji na gari lake dogo linalala kwa jirani. Ukipanga mwaka mzima unaona misimu yote, unaona na mgao wa maji wa Agosti. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 au 12 mkononi na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Hiyo ni hela ndogo ukilinganisha na nyumba iliyojengwa mahali pabaya.

#4 Fundi Bomba

Mama kamaliza hapo juu. Mimi niseme ya maji na mawe, maana hapa ndipo mkupuo unapozama.

*Presha ya maji.* Maji ya jiji yanavutwa ziwani, Capri Point na Butimba, yanasukumwa kupanda vilima. Kila mita 10 za kupanda zinakula bar 1 ya presha. Kiwanja kilicho mita 30 juu ya bomba la mtaa kinahitaji bar 3 ili maji yafike tu getini, hata kabla ya kujaza tenki. Nunua geji ya presha, ifunge kwenye bomba la jirani, usome mara tatu: saa 11 alfajiri, saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Ikisoma bar 2 alfajiri na karibu sifuri jioni, ujue tenki lako litajaa usiku tu, na utahitaji tenki la chini pamoja na pampu ndogo ya nusu hosipawa kupandisha juu. Mnara wa tenki la lita 5,000 unabeba tani 5 za maji peke yake, kwa hiyo usimwachie fundi wa geti akuchomelee kwa vyuma vya geti.

*Maji ya mvua.* Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Mwanza inapata kama milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 120 (pima eneo linalofunikwa chini, usipime bati lenyewe) linapokea lita 120,000. Toa asilimia 20 za kupotea, unabaki na 96,000. Watu wawili wakitumia lita 80 kila mmoja, ni 160 kwa siku. Kiangazi cha siku 100 kinataka lita 16,000. Matenki mawili ya lita 10,000 yanatosha na chenji inabaki.

Kosa linaloonekana kila mtaa ni kinga ya maji ya kwanza. Mvua ya kwanza ya vuli inaosha kinyesi cha ndege na vumbi la miezi mitatu. Unatakiwa kumwaga angalau lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 120 kwa paa hilo. Mafundi wanafunga bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 3 wanasema "kinga hiyo hapo". Bomba hilo linashika lita 25 hivi. Zinazobaki zinaingia tenkini. Weka pipa la lita 200 lenye koki ndogo chini, liwe linajimwaga lenyewe taratibu.

*Majitaka.* Jiji la mawe hili. Mkichimba shimo mkakuta mwamba kwenye mita 1, msiendelee kwa matumaini. Maji ya shimo hayanyonywi na mwamba, yanatembea juu yake na kutokea kwa jirani wa chini, kisha ni kesi kwa mwenyekiti wa mtaa. Pima kabla ya kununua: chimba kishimo chenye upana wa sentimita 30 na kina cha 60. Kijaze maji jioni, kiache kinyonye usiku. Asubuhi kijaze tena, choma kijiti chenye alama ndani, hesabu dakika za maji kushuka milimita 25. Yakishuka chini ya dakika 1, udongo unapitisha upesi mno na uchafu utafika kwenye visima. Yakizidi dakika 60, shimo la kunyonya halitafanya kazi hapo. Katikati ya hizo mbili, endelea.

Jambo jingine ni gari la kunyonya. Kama haliwezi kufika ndani ya urefu wa mpira wake, choo kikijaa utachota kwa ndoo, ukiwa na miaka 70.

#5 Karani Mstaafu

Fundi, hicho kipimo cha kishimo sijawahi kukiona kwenye tangazo la kiwanja! Asante sana mkuu.

Na vipi viwanja vya kule ufukweni, Igombe, Kayenze, Luchelele? Ndivyo vinavyotangazwa zaidi.

#6 Mzee wa Bikoni

Huko ufukweni tembeeni na futi kamba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka kingo za ziwa. Muuzaji atakuambia mita 60 zinaanzia pale maji yalipo leo. Ziwa hili linapumua. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 likafikia tena kiwango kile cha 1964, na Mei 2024 likakipita. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayoangukia juu ya ziwa lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Nile kule Jinja. Mvua zikikubali mfululizo, kiwanja cha ufukweni ambacho ni tambarare kinapungua chenyewe bila mgogoro wa mpaka.

Ukifika kwenye kiwanja usiangalie maji, angalia mawe na majani. Kwenye mawe kuna mstari ambapo rangi inabadilika, chini yake jiwe limeoshwa, juu lina ukungu mkavu wa kijivu. Pima mita 60 kutoka hapo kwenda bara. Ukikuta mafunjo au matete yamekauka upande wa nchi kavu wa mstari, maji yamewahi kukaa hapo muda mrefu. Na ukikuta udongo mweusi unaopasuka kiangazi, msingi wako utapasuka nao.

Karatasi sasa. Kwa kiwanja kilichopimwa:

Chukua namba ya kitalu na kiwanja, lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati. Unataka kujua mmiliki, kama kuna rehani, kama kuna zuio, na miaka iliyobaki. Hati ni ya miaka 33, 66 au 99. Ya 33 iliyotolewa 1995 inakaribia kwisha, hata kama karatasi inang'aa.

Lipa mpima ardhi aje na mashine afufue bikoni (alama za mpaka). Bikoni zinahamishwa. Usitegemee kuonyeshwa na muuzaji akikanyaga kwa kiatu "mpaka ni hapa".

Kama muuzaji ana ndoa, idhini ya mwenza lazima iwe kwa maandishi, na mwenza aitie sahihi mbele ya wakili. Mauziano mengi yanavunjika mahakamani kwa hili peke yake.

Fomu za uhamisho ni tatu: namba 29, 30 na 35. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na kisheria ni ya muuzaji. Iandikwe kwenye mkataba, maana kimila huku inasukumiwa mnunuzi.

Ile asilimia 10 ya mauzo anayodai mwenyekiti wa mtaa haipo kwenye sheria. Mpe soda.

Leseni ya makazi siyo hati. Ni ya muda mfupi, haizidi miaka 5, unahuisha. Na ukinunua ardhi ya kijiji, tuseme vijiji vya Misungwi, ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji isipokaa kikao na kuandika muhtasari, karatasi ya wewe na mzee mwenye shamba ni ya kufungia karanga.

#7 Sato wa Kukaanga

Mmeisahau Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe 19 Juni 2025, ile foleni ya kivuko haipo. Kilomita 3 unazimaliza redio haijamaliza taarifa ya habari. Ardhi kule bado ina nafasi, na mji una hospitali yake.

#8 Ngosha wa Usagara

@Sato, kweli daraja limebadilisha mambo, ila ona linakoishia: Kigongo. Kutoka hapo bado una safari ya kupita Usagara na Kenyatta yote hadi mjini. Daraja limeondoa kusubiri, umbali uko palepale. Sengerema hadi Bugando bado ni kama kilomita 60. Kivuko cha Kamanga kinakushusha katikati ya jiji, ila hicho usikipangie usiku wa manane.

Kwa aliyeeleza Karani, ningesema Sengerema ni mahali pa shamba na pa wikendi. Kwa mwenye afya asiye na miadi, ni mahali pa kuishi.

#9 Nshomile Mpole

Kwa ufupi kuhusu miji mingine ya ziwa, msije mkadhani dunia inaishia Igoma.

Bukoba: mvua karibu mara mbili ya Mwanza, ndizi, baridi nzuri. Ila tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilibomoa nyumba nyingi, hasa za tofali zisizofungwa juu. Ukinunua nyumba ya zamani, tafuta mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya milango, bila kukatika. Ukikatika kwenye kona, hesabu kama haupo.

Musoma: tulivu, mjini unatembea kwa miguu, kuna hospitali ya rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa. Kuna upepo, na mvua si nyingi kama kwetu. Kwa mtu mwenye kazi chache ni chaguo zuri kuliko linavyosifiwa.

Ukerewe: machungwa na amani. Lakini ukihitaji rufaa saa 8 usiku, unasubiri meli ya Nansio au kivuko cha Rugezi–Kisorya kisha barabara ya Bunda. Anayetumia insulini ajue chupa ambayo haijafunguliwa inakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyofunguliwa inadumu kama wiki 4 nje ya friji, mahali pasipofika nyuzi 30. Umeme ukikatika kisiwani siku mbili, mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi unasaidia.

Lamadi: karibu na Serengeti. Tembo hawasomi hati.

#10 Dada wa Kirumba

😂 Tembo hawasomi hati.

Niongeze kichocho. Wanaohamia ufukweni wanaoga ziwani wiki ya kwanza kama watalii. Konokono wanakaa kwenye majani ya pembeni, maji yaliyotulia, na vimelea vinatoka zaidi jua la mchana likiwa kali. Maji ya ziwa yakikaa tenkini saa 48 bila konokono ndani, vimelea vinakufa, basi tumia hayo kuoga. Aliyekwisha kuoga aende kituo cha afya apimwe. Praziquantel inatolewa kwa uzito wa mtu, usinunue vidonge vya kukisia dukani.

Na madirisha yote wavu wa mbu, wenye matundu madogo. Vijidudu vya ziwa vikija jioni kama moshi, wavu wa matundu makubwa unavipitisha vyote vinaishia kwenye supu.

#11 Kijana wa Vizimba

Kwa kipato cha pembeni, vizimba vya sato (kufuga samaki kwenye nyavu ndani ya ziwa) vinalipa. Wakae karibu na maji.

#12 Mzee wa Bikoni

Kijana wangu, mwambie na upande wa pili. Samaki 1,000 wa nusu kilo ni kilo 500, na kwa kila kilo ya samaki unalisha kama kilo moja na nusu ya chakula. Hiyo ni kilo 750 umenunua kabla hujauza hata mmoja, na unangoja miezi 6 hadi 8. Vibali ni vya mazingira, bonde la maji na uvuvi. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yakipanda juu, samaki wanaelea asubuhi moja wote. Mlinzi usiku ni lazima. Hiyo ni kazi ya kuanzia maisha. Mstaafu anayetaka kwenda Dar mara mbili kwa mwezi nani atamlishia?

Vyumba vya wanafunzi Malimbe, karibu na chuo kikuu cha SAUT, vina usumbufu mdogo zaidi. Hesabu miezi 9 ya kodi, usihesabu 12, na tenga ya mwezi mmoja kwa marekebisho. Hesabu ikikubali kwa miezi 9, jenga.

#13 Karani Mstaafu

Nimeelewa. Nikijumlisha naona Kiseke, Buswelu au Pasiansi, wapange mwaka mmoja. Swali la mwisho: kuna nyumba nyingi nzuri za mlimani, Bwiru na Isamilo, zinaangalia ziwa, ziko karibu na kila kitu. Shida ni ngazi. Ziwekwe vipi zimfae mzee?

#14 Fundi Bomba

Pima kwanza tofauti ya kimo kati ya maegesho na mlango. Tuseme mita 4. Ngazi ya mzee kupanda kwake ni sentimita 15, kwa hiyo ni ngazi 27. Sehemu ya kukanyaga sentimita 30, mguu uingie wote. Kila ngazi 10 weka jukwaa la kupumzikia lenye urefu wa mita 1.2, ikiwezekana na benchi la zege. Mkono wa kushikia uwe pande zote mbili, kimo cha sentimita 90, bomba la inchi moja na nusu, na uendelee sentimita 30 kupita ngazi ya mwisho, maana watu wanaanguka pale wanapodhani zimeisha.

Ngazi zote ziwe sawasawa. Moja ikizidi kwa sentimita 2 ndiyo itakayomwangusha. Usipige niru laini, kwaruza zege kwa ufagio kabla halijakauka, na ziinamishe kidogo mbele ili maji ya masika yasikae.

Kiti cha magurudumu hakipandi ngazi. Mteremko wake ni sentimita 1 kwa kila 12, kwa mita 4 unahitaji njia ya mita 48, ukiacha kona. Kiwanja cha Isamilo chenye mita 48 za kuzungusha sijui utakipata wapi. Kwa hiyo uliza swali moja kwa mwenye nyumba: gari linaweza kufika usawa wa mlango kutokea nyuma, barabara ya juu? Nyumba nyingi za mlimani zina barabara mbili, ya chini na ya juu, ila geti limewekwa chini kwa sababu ndiko kiwanja kilikoanzia kujengwa. Kama ya juu ipo na inapitika mvua ikinyesha, chukua hiyo nyumba, na geti hamishia juu.

#15 Karani Mstaafu

Jumamosi naenda na futi kamba na geji. Nitaleta vipimo vya nyumba tatu hapahapa.